Mikanda Sita ya Mama Serafiina

Sarkakoski, 22 Januari 1918

Mdogo wangu Nestori,

Keti kwanza ndipo usome. Mama ametutoka. Jumamosi alitoka kuoga mvuke sauna, akajifunika shali, akaniambia nisimwamshe mapema kwa upuuzi, na Jumapili asubuhi hapakuwa na wa kuamshwa. Hakuumwa hata kidogo. Nimelia nikachoka, na sasa nimekaa mezani pake kwa sababu kazi zipo na wewe haupo.

Unamjua alivyokuwa. Nusu ya mji huu aliizalisha yeye, nusu nyingine aliiumika migongo, na hakuna siku aliyomwachia mtu aamue jambo ambalo angeweza kuliamua mwenyewe. Mazishi yake kayapanga zamani. Mikanda sita ya kubebea jeneza kaifuma kwa mkono wake, na imo sandukuni tangu ulipohamia huko Uswidi. Ni kitani kile kile alichokuwa akikata vipande vya kuwafungia watoto kitovu. Alisema kilichompokea mtu ndicho kimsindikize.

Wabebaji nao kawataja kwa majina. Watatu wa mashambani: mzee Ylitalo na wanawe wawili. Watatu wa kiwandani: Grönroos wa chama cha wafanyakazi, ndugu yake, na wewe. Wewe mbele kushoto, upande wa kichwa, mahali pa mwana. Nilimuuliza, na Taavetti je, rafiki yako aliyekulia jikoni mwetu? Akasema anampenda kama wa kumzaa, lakini ni mfupi, jeneza litainama, na yeye hataki kwenda kanisani kichwa chini.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Tangu uondoke mji umekatika vipande viwili. Vijana wa kiwanda cha mbao wamejifunga utepe mwekundu mkononi, vijana wa wenye mashamba wamejifunga mweupe, na kila jioni wanafanya mazoezi ya bunduki, hawa uwanja wa stesheni, wale kilimani kwenye kanisa. Katikati ni daraja, na jeneza la Mama lazima lipite pale. Nimekwenda kwa Ylitalo, nimekwenda kwa Grönroos. Nimewaambia Mama aliwataja wote, na atakayekataa asikanyage tena mlangoni kwangu. Wote wawili wameniapia kwamba Jumapili ya tarehe tatu hakuna bunduki itakayovuka daraja mpaka Mama awe ardhini. Grönroos alitoa kofia akiapa. Ylitalo akaniuliza, wakija baadaye kurudisha mikanda, kahawa itakuwepo? Nikamjibu kwamba mtu akiniwekea mkanda mezani na kusema "Amefika" kama inavyotakiwa, kahawa ataipata hata ikibidi niiibe.

Kama unaweza kuja, njoo. Kama huwezi, niambie mkanda wako nimpe nani.

Dada yako,
Hilja

Sundsvall, 2 Februari 1918

Dada Hilja,

Barua yako imefika jana, na kesho ndiyo Jumapili yenyewe. Siwahi, hata ningekuwa ndege. Nimekwenda stesheni kuuliza. Treni inafika mpakani, wakasema, ng'ambo ya hapo hakuna ajuaye. Magazeti ya hapa yanasema kwetu vita vimeanza, Wekundu na Weupe, ndugu kwa ndugu. Nimekaa kwenye benchi la stesheni nikalia, mama mmoja wa Kiswidi akanipa kipande cha mkate akidhani nina njaa. Nikakila. Njaa nilikuwa nayo pia.

Hilja, mimi nakumbuka kila kitu. Nakumbuka harufu ya sauna yetu, moshi na yale majani tuliyokuwa tukijichapia migongo, na Mama akitutimua mimi na Taavetti uchi kwenye theluji, tusirudi mpaka atuite. Halafu anasahau kutuita makusudi. Nakumbuka alivyokuwa akiwaambia wageni kwamba tulizaliwa wiki moja kwenye benchi moja la sauna, mimi nikipiga kelele na Taavetti akipiga chafya. Nakumbuka daraja letu lilivyokuwa likilalamika chini ya sleji zikiteleza na mizigo thelujini wakati wa baridi kali. Ukiwa kitandani ulijua nani anapita na amebeba nini. Hapa madaraja ni ya chuma na hayasemi neno.

Mkanda wangu mpe Taavetti. Najua Mama alisema nini. Mwambie asimame wima, anyooshe shingo, na asichekeshe watu njiani. Sina mwingine ninayetaka asimame mahali pangu. Tangu nifukuzwe kiwandani mwaka wa mgomo, ndiye aliyekuwa akimkatia Mama kuni, na hajaniandikia hata siku moja kujisifu.

Mbusu Mama paji la uso kabla hawajafunga kifuniko. Useme ni mimi.

Nestori

Sundsvall, 21 Aprili 1918

Dada,

Hii ni barua ya tatu na sijapata neno. Sijui kama Mama amezikwa. Sijui kama wewe u hai. Wenzangu hapa wananiambia posta haivuki, nitulie. Nitulie vipi?

Barafu imeanza kupasuka mtoni. Kila ikipasuka nakumbuka tulivyokuwa tukibashiri siku itakayoondoka kwetu, na Taavetti akishinda kila mwaka, mpaka tulipomkamata anaivunja kwa shoka. Mwambie nami huku nimebashiri na nimeshindwa, kwa kuwa sina mwizi wa kunisaidia. Andika, hata mstari mmoja.

N.

Sarkakoski, 9 Juni 1918

Nestori,

Barua zako tatu zimenifikia kwa pamoja. Posta ilikufa, sasa imefufuka. Bahasha zilikuwa zimekwisha funguliwa na mtu ambaye si mimi, kwa hiyo utanivumilia nikiandika kifupi. Mimi mzima. Nyumba ipo. Weupe wameshinda, wanaume wa kiwanda waliobaki hai wako makambini, na Grönroos kachukuliwa pamoja nao. Unga tunachanganya na magome ya msonobari. Kahawa hakuna, tunakaanga mizizi. Ukifumba macho unaweza kudhani ni kahawa mbaya.

Mama alizikwa. Nilimbusu na nikasema ni wewe. Mkanda wako nilikuwa nimekwisha mpa Taavetti bila kungoja barua yako, au tuseme aliuchukua mwenyewe. Asubuhi ile aliingia jikoni akiwa amepigilia kipande cha ubao chini ya kila buti, apate urefu. Akajisimamisha mlangoni akaniambia, "Haya, nipime." Alikuwa anatembea kama bata. Nilicheka siku ya kumzika mama yangu, Nestori, na najua Mama asingenisamehe kama ningejizuia. Taavetti alishika pembe yako na hakuiachia. Hilo nataka ulijue.

Sasa nina ombi. Kaburi letu limeandikishwa kwa jina lako, kwa kuwa ndiwe mwana wa kiume. Kando ya Mama ni nafasi yako. Kuna mtu hapa hana pengine pa kulazwa. Naomba uniandikie barua ya kumpa Mchungaji, yenye sahihi yako, kwamba nafasi ile umeitoa. Usiniulize ni nani. Mimi nimewahi kukuomba nini?

Hilja

Sundsvall, 3 Julai 1918

Dada wa ajabu,

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya wenzangu, na tulipofika kwenye yale mabuti mpishi wetu akaacha chungu kiungue. Bata! Namwona kabisa. Namwona anavyokaza shingo asicheke kabla yako.

Lakini nafasi yangu sitoi. Unataka kumlaza nani, yule fundi saa uliyekuwa ukimtupia macho kanisani? Nimekwenda mbali, ndiyo, ila nakusudia kurudi, na nikifa nataka kulala kando ya Mama anigombeze vizuri. Kuna mtu mmoja tu ambaye ningempa nafasi hiyo bila kuuliza, naye ni Taavetti, ingawa anakoroma na Mama hatapata usingizi.

Kwani haniandikii kwa nini? Au ameanza kujivuna tangu awe mrefu? Muulize kama ile mashua yetu ingali chini ya kibanda. Usiku mweupe kama huu wa Julai tulikuwa tukiipaka lami, halafu tunalala ndani yake kwenye majani, tunazungumza upuuzi mpaka jua lililokataa kuzama linaanza tena kupanda. Hapa jua ni lile lile na hakuna wa kuzungumza naye upuuzi. Mwambie mwakani nakuja, tutaipeleka mpaka kwenye maporomoko, na safari hii atakayeanguka ni yeye. Nisalimie Lyyli mkewe, na watoto. Wa mwisho ameshaanza kutembea?

Nestori

Sundsvall, 14 Septemba 1918

Hilja,

Sasa najua kwa nini Taavetti haniandikii.

Amefika hapa mtu aliyekimbia vita, wa kutoka kiwanda cha jirani na kwetu. Anasema siku ya kwanza ya mapigano Taavetti aliangukia darajani, amevaa nyeupe, bega kwa bega na mzee Ylitalo na wanawe. Nilimwambia ni mwongo, nikamkamata kola. Akaniambia hakuwepo lakini kila mtu wa huko anajua, na kwamba hata wajane wa kiwanda hawamsalimu Lyyli.

Amevaa nyeupe. Tuligawana mkate mmoja kiwandani yule na mimi. Siku niliyofukuzwa alinibebea kasha langu hadi stesheni, katikati ya barabara, msimamizi akimtazama. Leo naambiwa alijifunga utepe wa wale walionifukuza. Na wewe ulijua kafa, ukaniandikia habari za mabuti nikacheka mbele za watu. Hata ile nafasi unayoiomba sasa naijua ni ya nani. Jibu ni hapana. Akalale na hao aliowachagua.

Sijui nimlilie au nimlaani. Nafanya yote mawili, na usiku sipati usingizi.

Nestori

Sarkakoski, 6 Oktoba 1918

Nestori,

Barua yako niliisoma nikaificha chini ya kuni, nisije nikaitupa motoni. Sasa nakujibu, na atakayefungua bahasha hii njiani asome polepole, kwa kuwa hata akija mlangoni nitamwambia haya haya.

Alivaa nyeupe, ndiyo. Alivaa mkanda wa Mama.

Wewe uliniandikia kwamba unakumbuka kila kitu. Unakumbuka mpaka sauti ya daraja, halafu umesahau tunavyobeba maiti zetu? Mkanda mweupe kutoka begani hadi kiunoni, tawi la msonobari kwenye kofia, shuka nyeupe juu ya jeneza. Umebeba babu yetu hivyo hivyo, na ulilalamika mkanda unakukata bega.

Ahadi ilishikwa. Tulipotoka nyumbani na sleji, vita vilikuwa vimekwisha tangazwa huko kusini, lakini kwetu upande wa stesheni hapakuonekana bunduki hata moja. Watu wa Grönroos walisimama kando ya njia kofia mkononi. Tulipofika darajani wabebaji wakalitoa jeneza kwenye sleji, wakaliinua, kama inavyofanywa kutoka pale hadi kanisani. Kengele zikaanza. Taavetti mbele kushoto, na mbao zake.

Wakati huo treni ilikuwa imeingia na kikosi kigeni, Wekundu, wavulana wa mji mkubwa ambao hakuna aliyewahi kuwaambia habari za ahadi yetu. Walikuwa wameambiwa jambo moja, kwamba adui huvaa nyeupe. Wakatazama mtoni, wakaona wanaume sita wenye mikanda myeupe kifuani wamebeba kitu kirefu kilichofunikwa, wakadhani ni bunduki ya rashasha inapelekwa kilimani. Wakapiga. Ilikuwa risasi ya kwanza ya vita hivi katika mji wetu, na ilimpata Taavetti.

Sikiliza, maana niliona kwa macho yangu. Jeneza hakulitupa. Alipiga goti moja polepole, kisha la pili, ameushika mkanda kwa mikono miwili, na wenzake wakashuka wakimfuata, mpaka Mama akatua kwenye theluji bila kutikisika. Ndipo naye akalala. Ubao mmoja ulikuwa umetoka kwenye buti. Nilimwinamia. Akaniuliza, "Limeinama?" Nikamwambia halikuinama hata kidogo. Hakusema tena.

Baada ya hapo wale wa kilimani wakajibu risasi juu ya vichwa vyetu, wale wa stesheni nao wakajibu, na vikawa vita mpaka giza. Ylitalo na Grönroos walilala kifudifudi pamoja nyuma ya jeneza la Mama, na Grönroos akawatukana wenziwe kwa kila tusi alilonalo waache kupiga. Hawakumsikia. Siku chache baadaye kijana mmoja wa kile kikosi alikuja jikoni kwangu, kofia mkononi. Aliniambia kwamba kwao jeneza hushikwa kwa vishikio, na wabebaji huvaa nyeusi. Hakujua. Nilimpa maji.

Ardhi ilikuwa imeganda, tulikuwa tumewasha moto juu yake ndipo ikachimbika, na kaburi lilikuwa hilo moja. Tukamlaza Taavetti kando ya Mama, mahali pako. Ndiyo maana barua yako ya Julai ilinishinda. Uliandika kwamba hakuna mwingine ungempa, naye alikuwa yumo tayari. Tena sikutaka ujue kwamba aliangukia kwenye pembe yako. Nilikuonea huruma, mdogo wangu.

Wenzake watano walirudisha mikanda. Grönroos alikuja na bunduki mgongoni, akauweka mkanda mezani umekunjwa vizuri, akasema "Amefika," akanywa kikombe kimoja amesimama. Alifia kambini mwezi wa Agosti. Ylitalo alikuja mwezi wa Mei alipotoka mafichoni msituni, na kahawa hapakuwa nayo tena. Alikunywa maji ya moto na kunishukuru.

Sasa baraza la kanisa limeamua kwamba waliokufa upande wa Wekundu watolewe makaburini, wakafukiwe kwenye machimbo ya mchanga. Wanauliza Taavetti alikuwa wa upande gani. Ylitalo ni mkaidi lakini ana moyo. Alimwendea Lyyli akamwambia ataapa kwamba Taavetti alikuwa wao, maana ile nyeupe watu waliiona. Jina lake litaandikwa kwenye jiwe la mashujaa, Lyyli atapata msaada wa wajane, na hakuna atakayegusa kaburi. Lyyli ana watoto wawili na unga wa magome. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Andikeni alichokuwa amebeba."

Tangu siku hiyo wenye mashamba hawamsaidii, na wa kiwanda hawamsalimu, kwa kuwa nao wameamini kama ulivyoamini wewe.

Imebaki njia moja. Mwenye kaburi ana haki ya kusema nani alale ndani yake, hata baraza linakubali hilo. Mwenye kaburi ni wewe. Wanakutana kabla ya Krismasi.

Hilja

Sundsvall, 27 Oktoba 1918

Dada Hilja,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumpa Mchungaji, ina sahihi yangu na za mashahidi wawili. Nafasi kando ya Serafiina nimempa Taavetti, mimi mwanawe, na mtu asimwondoe. Mimi nitalala popote.

Yule mtu niliyemkamata kola nimempeleka kando nikamsomea barua yako yote. Amelia. Ameniahidi kuwaandikia wa kwao, wawaambie wajane wa kiwanda jinsi ilivyokuwa. Nimesimama juu yake mpaka akaandika.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimulia wenzangu kwamba mji wangu nimeubeba kichwani, kila ubao wa daraja. Mtu mmoja akaniambia neno "nyeupe", nami nikaona kile kile walichokiona wale wavulana wa treni. Wao walikuwa wageni. Mimi niliufunga mkanda ule begani kwangu, na nikasahau. Ni aibu, Hilja, na sijui niiweke wapi.

Limeinama? Nasikia anavyouliza. Nasikia na sauti yake.

Lyyli siwezi kumwandikia bado. Mwambie nilimlaani mumewe kwa siku arobaini na kwamba nitamlilia kwa muda mrefu kuliko huo. Na mkanda wangu uko wapi? Umenihesabia mitano.

Nestori

Sarkakoski, 18 Mei 1919

Shemeji Nestori,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Hilja amekaa mbele yangu ananiambia niandike mwenyewe, amechoka kunisemea.

Barua yako ilisomwa barazani. Mchungaji aliisoma mara mbili, kwa kuwa wapo waliojifanya hawakusikia ya kwanza. Ylitalo akasimama akasema alikuwa nyuma ya Taavetti siku ile na kwamba anayetaka kumtoa aanze na yeye. Basi wakaendelea na mambo mengine. Taavetti amebaki. Theluji imeondoka, na mimi na Hilja tumepaka msalaba rangi, jina la Mama juu na la Taavetti chini. Mtu wa baraza alitaka kujua tutaandika nini chini ya jina, mwenye shamba au mfanyakazi. Hilja akachukua brashi akaandika "Mbebaji."

Wajane wa kiwanda wameanza kunisalimu. Mmoja aliniletea viazi. Nilimnunia kidogo, kisha nikavipika.

Laana yako Hilja aliniambia. Nilikasirika, sikufichi. Halafu nikakumbuka Taavetti alivyokuwa akisema kwamba wewe huwa unakasirika kwanza, unauliza baadaye, na kwamba mtu akikuvumilia kati ya hayo mawili hatapata rafiki mwingine kama wewe. Kwa hiyo nilivumilia.

Mashua bado ipo chini ya kibanda. Ina ufa. Barafu ya mto mwaka huu iliondoka yenyewe, hakuna aliyeishika shoka, na mtoto wangu mkubwa alibashiri siku sahihi. Alishangilia sana. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Uliuliza mkanda. Ninao mimi. Nimeufua mara nyingi, doa limebaki na rangi ya chai, na palipotoboka nimepashona. Wakati wa baridi nilimpelekea Hilja, nikauweka mezani, nikataka kulisema lile neno kwa niaba yake. Halikutoka. Hilja akaukunja akanirudishia. Akasema neno hilo husemwa na mbebaji, na pembe ile ilikuwa yako.

Nimeuweka, nakungoja. Wanasema sasa mpaka umefunguliwa kwa watu kama wewe ambao hawakuwepo. Ukija, pitia kwangu kwanza nikupe. Kisha shuka na njia ya mto, ingia kwa mlango wa jikoni, uuweke mezani, useme wamefika, wote wawili. Hilja na mimi tutakuwa tumekaa pale. Kahawa ni ya mizizi bado.

Lyyli